Kanisa na kazi mpya Mwanza: huduma ipi imshike mkono anayeanza

Mtu anayeanza kazi mpya Mwanza hakosi kanisa la kumwombea, awe ameitwa kazini baada ya usaili au ameamua kuacha kibarua akanunue dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Kuanzia Igoma hadi Nyegezi, Pasiansi hadi Buhongwa, kila mtaa una ibada, na makanisa mengi yana kitu wanachompa mtu wa namna hiyo: ibada ya mchana, semina, jumuiya, kikundi cha hisa, baraka ya duka. Tathmini hii inazipima huduma hizo: zinatoa nini, zinagharimu nini, na zinaharibika wapi.

Kuzipima si upungufu wa imani. Ni Yesu mwenyewe, katika Luka 14, aliyesema mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Kipimo kinachotumika hapa ni kimoja: je, wiki ijayo yupo mtu atakayekuuliza ilivyokwenda, tena akitaja kile ulichomwambia? Huduma inayojibu ndiyo imefaa. Ile ambayo baada ya "amina" hakuna anayejua ulipo, itakutia moyo siku ile na kuishia hapo.

Ibada ya mchana

Katikati ya jiji, siku za kazi, ibada hizi nyingi huanza kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana. Wimbo, neno, maombi, kisha watu wanarudi makazini. Kwa aliyeajiriwa juzi, ambaye ofisi nzima bado inamtazama, nusu saa ya kutulia mbele za Mungu ni dawa kweli.

Shida ni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ibada ya dakika 45, kwenda dakika 10, kurudi dakika 10: tayari ni 65, na hujala. Mhubiri akinogewa, unaingia ofisini saa 8 na robo. Mara ya kwanza bosi atanyamaza. Mara ya nne ataandika, nawe uko kwenye kipindi cha majaribio. Wengi hawajui kwamba kinga ya sheria hiyohiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo.

Kwa hiyo nenda siku mbili kwa wiki, wala si tano. Kaa viti vya nyuma karibu na mlango, kula kitu cha kushiba saa 4, na muda wako ukifika ondoka hata kama maombi hayajafungwa. Kanisa lenye saa ukutani, ambalo mhubiri wake huitazama, linawajua waumini wake. Hilo ndilo la kuchagua. Lakini kwa kipimo chetu ibada ya mchana ni dhaifu. Mnakaa bega kwa bega mwezi mzima na jirani yako hajui jina lako.

Semina

Hapa tofauti kati ya nzuri na mbaya ni kubwa kuliko kwingine kote.

Semina nzuri mara nyingi huanza na Nehemia. Alipata habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akafunga na kuomba, na aliposimama mbele ya mfalme ilikuwa Nisani, kama miezi minne baadaye. Mfalme alipomuuliza anataka nini, alikuwa na jibu tayari: muda atakaokuwa safarini, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto wampitishe, na barua kwa Asafu, mwangalizi wa msitu wa mfalme, apewe miti. Alipofika akaukagua ukuta usiku akiwa na watu wachache, kabla hajamwambia yeyote. Mwalimu anayeijua kazi yake atakutaka uandike na wewe mambo hayo matatu: nani wa kukuruhusu, nani wa kukupa mali au kifaa, na umekagua nini kwa macho yako mwenyewe. La kwanza maana yake ni TIN na leseni ya halmashauri. La tatu, kwa mnunuzi wa dagaa, maana yake ni kufika Mwaloni Kirumba alfajiri, siku tatu tofauti, na daftari: bei ya dagaa wa kwenye chanja, bei ya dagaa wa mchangani, bei ya waliolowa mvua. Atakuta bei tatu za samaki yuleyule. Waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga na huliwa na watu. Waliolala chini wakanyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku. Anayeanza mwezi wa nne, masika ikiwa imeshika, bila chanja na bila turubai, anaweka mtaji wake mahali ambapo mvua moja inautosha.

Dalili nyingine ya semina nzuri ni tarehe zake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukipevuka taa hazivuti tena, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Mwandaaji anayewalenga watu wa mwaloni akaweka semina siku za giza atahubiria viti. Anayetazama mwezi kwanza atajaza ukumbi.

Kabla hujalipa kiingilio, uliza haya. Anayefundisha anaifanya kazi hiyo, au anaisimulia? Mtakuwa wangapi? Zaidi ya 30 hakuna atakayepitia daftari lako. Baada ya wiki mbili mtakutana tena? Je, wanaeleza namna ya kuunda kikundi cha kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu? Semina ya jioni tatu za saa mbili mbili inazidi ile ya Jumamosi nzima, kwa sababu kati ya jioni na jioni unapata muda wa kwenda kuuliza bei.

Semina mbaya hutambulika mwishoni. Sauti inapanda, kinanda kinaingia, mnaambiwa atakayepanda "mbegu" leo biashara yake itafunguka kabla mwezi haujaisha. Hapo funga mkoba. Mtaji uliokusanya miezi minane si pato, ni jembe, na mkulima hatoi jembe sadaka kisha akaenda shamba. Paulo naye alishaandika kwa Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Ulichokusudia nyumbani ukiwa umetulia ndicho utoe. Kilichochomolewa mfukoni na kinanda, hukukikusudia.

Jumuiya

Hii ndiyo huduma bora kuliko zote, haina tangazo wala kiingilio, na wanaoanza kazi ndio huikimbia wakisema wamebanwa.

Wakatoliki wanazo Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Walutheri wana jumuiya zao, na makanisa mengine huita seli au kanisa la nyumbani. Muundo unafanana: kaya chache za mtaa mmoja, mara moja kwa wiki, nyumba kwa zamu, wimbo, somo, maombi, mchango mdogo, habari za wagonjwa na misiba. Viti havitoshi, watoto wanapita katikati, na mwenye nyumba anatoa chai. Saa moja na nusu imekwisha.

Nguvu yake kwa anayeanza kazi inategemea unaombaje. Ukisema "niombeeni kazi yangu mpya," utaombewa vizuri na habari itaishia hapo. Sema jambo moja lenye siku yake: "Niombeeni, Jumatano nakabidhiwa stoo na sijawahi kuhesabu stoo." Kwenye kaya kumi na mbili za Mabatini au Igogo hakosi mtu aliyeshika stoo miaka kumi. Baada ya amina atakuvuta pembeni: usisaini kabla hujahesabu, hesabu mkiwa wawili na anayekukabidhi, andika upungufu kwenye karatasi ileile ya makabidhiano, baki na nakala. Hayo ndiyo majibu ya maombi, na yamekuja kwa miguu kutoka nyumba ya pili. Wiki inayofuata mama mmoja atauliza mlangoni, kabla hata hujakaa: "Stoo je?"

Kasoro zipo. Kubwa ni siri. Ombi la pamoja husikika na wote, na mtaa una masikio. Usitaje mshahara, usimtaje bosi kwa jina, na usieleze ugomvi wa ofisini zaidi ya "niombeeni hekima." Yaliyo mazito mpelekee padri, mchungaji au mzee wa kanisa, mkiwa wawili. Kasoro ya pili ni zamu. Muuguzi mpya wa hospitali kubwa kama Bugando hataweza kufika kila wiki. Dawa ni kumwona katibu mapema na kumpa ratiba yako ya mwezi, kutuma mchango kwa simu, na kuhudhuria unazoweza. Jumuiya nyingi humvumilia aliyetoa taarifa na kumsema aliyepotea kimya.

Neno kwa Wasabato, ambao kandokando ya ziwa ni wengi: suala la Jumamosi liseme kabla ya kusaini mkataba, siyo Ijumaa ya kwanza kazini. Liseme pamoja na mbadala wake, kwa mfano kushika zamu za Jumapili na za sikukuu ambazo wenzako hawazitaki. Ukileta shida ikiwa na ratiba, bosi anakuwa na kitu cha kukubali.

Zaka: pale watu wema wanapoanguka

Ushauri wa zaka ni huduma nao, na ndio unaotolewa ovyo kuliko zote. Makosa ni mawili.

Kosa la kwanza ni la wafanyabiashara: kutoa fungu la kumi kwenye mauzo. Chukua mnunuzi wa dagaa mwenye mtaji wa Sh 300,000. Ananunua, analipa Sh 25,000 za usafiri na mifuko, anauza kwa Sh 360,000. Faida ni Sh 35,000, na fungu la kumi lake ni Sh 3,500. Lakini akiwa na mapenzi kwa Mungu na bila daftari, anatazama zile Sh 360,000 mkononi, anatoa Sh 36,000. Ametoa faida yote, na Sh 1,000 ya mtaji juu yake, kabla hajanunua hata unga. Nyumbani wanakula mtaji. Duru tatu au nne za namna hiyo, mtaji hauwezi tena kujaza mzigo, usafiri ni uleule, na biashara inakufa. Kisha watu husema amerogwa, au imani yake ni ndogo. Hakurogwa, wala imani yake si ndogo. Alikosa safu moja kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa 48, na kila ukurasa unapigiwa mistari upate safu nne: nilichonunua, nilichotumia, nilichouza, kilichobaki. Zaka hutoka safu ya nne pekee. Duru iliyoleta hasara haina zaka. Mchungaji anayekudai kwa duru hiyo mwonyeshe daftari kwa heshima.

Kosa la pili ni la waajiriwa, nalo huitwa malimbuko. Kuna mahali hufundishwa kwamba mshahara wa kwanza wote ni wa madhabahu. Tuweke tarakimu. Mshahara wa Sh 400,000, mfanyakazi wa sekta binafsi aliyesomeshwa kwa mkopo: NSSF asilimia 10 ni Sh 40,000, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni Sh 60,000, kodi ya PAYE ni Sh 7,200. Mkononi zinafika Sh 292,800. Katika hizo kuna nauli ya mwezi, chakula, na chumba ambacho mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu kama si sita. Akizitoa zote, tarehe 5 atakuwa kwenye mlango wa kausha damu, na mshahara wa pili utakwenda kwa riba. Walawi 23 inataja mganda wa malimbuko ya mavuno. Ulikuwa mganda, shamba lilibaki na mwenyewe akavuna akala. Mganda wa mshahara wa kwanza unaweza kuwa Sh 20,000 au 30,000, ukatolewa kwa furaha kubwa, na mtu akaenda kazini Jumatatu akiwa na nauli.

Swali la kutoa kwenye mshahara kamili au ule unaofika mkononi (Sh 40,000 au Sh 29,280 kwa mfano huo) makanisa hayalijibu kwa namna moja, na parokia nyingi za Kikatoliki hutumia ahadi kwenye kadi ya zaka badala ya asilimia. Amua mapema na mwenzi wako, kabla mshahara haujaingia, na uandike. Uamuzi unaofanywa benchini siku ya sadaka huwa wa haya, si wa imani.

Kikundi cha hisa cha kanisa

Mfumo ni ule unaojulikana: watu 15 hadi 30, hisa moja hadi tano kila mkutano, kitabu cha kila mwanachama kinapigwa muhuri hisa kwa hisa, mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, na mzunguko wa karibu mwaka mmoja kisha kugawana. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo wanashika watatu, sanduku analaza wa nne. Kikundi ambacho mhazini anakaa na sanduku na funguo zote, hata awe mzee wa kanisa anayeheshimika namna gani, usiweke hisa. Kufuli tatu zinamlinda yeye pia, asije akasingiziwa.

Mkutano wa kikanisa huanza kwa sala na kumaliza kwa kutaja salio kwa sauti, ili kila mmoja alikariri. Hiyo ndiyo sehemu ya kutazama ukienda kama mgeni. Wakitaja salio wote pamoja bila kufungua karatasi, kikundi kiko hai.

Tatizo ni mkopo wa kwanza. Vikundi vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa. Hisa tano za Sh 2,000 kwa wiki 12 ni Sh 120,000, kwa hiyo unaruhusiwa Sh 360,000. Usizichukue. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi na marejesho ya miezi mitatu, kila mwezi utadaiwa Sh 138,000. Yule mnunuzi wetu akipata duru mbili kwa mwezi ana faida ya Sh 70,000, zaka ikitoka Sh 63,000. Zinazobaki atazitoa wapi? Kwenye mtaji. Akichukua Sh 120,000 na kuongezea Sh 180,000 zake, marejesho ni Sh 46,000 kwa mwezi na anabakiwa na Sh 17,000. Hizo hazilishi nyumba. Ndiyo maana ushauri wa kweli kwa anayeanza ni kushika kibarua cha zamani walau hadi marejesho yaishe, hata kama amesikia wito kwa nguvu. Petro na wenzake walikuwa wanaosha nyavu baada ya usiku mtupu Yesu alipopanda chomboni. Wito uliwakuta kazini.

Jambo la kuomba kikundi, na vingi hukubali vikielezwa: tarehe ya marejesho iangukie mwishoni mwa siku za giza, mzigo ukiwa umeshauzwa. Marejesho yanayodaiwa katikati ya mbalamwezi hukuta mtu hana dagaa wala fedha, anapigwa faini ya kuchelewa, na anaanza kukwepa mkutano. Kisha, kwa aibu, anakwepa na ibada. Watu wamepotea kanisani kwa namna hiyo, na kosa lilikuwa la kalenda.

Baraka ya duka au ofisi

Hii ni fupi na nzuri. Padri anakuja na maji ya baraka, au mchungaji anakuja na wazee, neno linasomwa, sala, wimbo, dakika 20 zinatosha. Fanya baada ya leseni kutoka, si kabla. Alika majirani wa kibanda, kwa sababu hao ndio watakaokutunzia mlango ukienda msalani. Soda na maandazi vinatosha. Turubai, spika na pilau ya watu 80 hutolewa kwenye mtaji uleule, na mwezi unaofuata rafu zinabaki tupu huku picha za uzinduzi zikiwa kwenye simu za watu.

Kama ni lazima uanze na huduma moja, anza na jumuiya wiki hii, maana haina msimu. Kikundi cha hisa kina msimu wake: vingi hugawana Desemba kabla ya Krismasi na kufungua mzunguko mpya Januari. Anayekuja Juni huambiwa alipie hisa za nyuma au asubiri. Mwone katibu mwezi wa Novemba, omba kuhudhuria mikutano miwili kama mgeni, ukae karibu na sanduku.